Mtoto mchanga anaposhindwa kupumua: njia za kumfikishia hewa na jinsi zinavyolinganishwa

Maneno machache humtikisa mzazi katika wadi ya kujifungulia kama haya: "Mtoto amewekewa mpira." Baba aliyesimama nje ya mlango hajui mpira huo umepitia wapi, umewekwa kwa sababu gani, wala kama palikuwa na njia nyingine. Mama aliyelala kitandani huona wahudumu wakizunguka meza ndogo yenye taa na husikia namba zikitajwa. Kuna wanaoamini kwamba mpira ni dalili ya mtoto aliyekwisha kupotea. Wengine, kinyume chake, hulalamika kwamba hospitali haijui kazi kwa sababu mtoto wa jirani aliwekewa mpira na wa kwao akapewa barakoa pekee. Imani hizo mbili hazina msingi, na somo hili linaeleza kwa nini.

Kwa mujibu wa utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2022, watoto 21 kati ya kila 1,000 wanaozaliwa hai nchini Kenya hufariki kabla ya kufikisha mwezi mmoja. Wanaofariki kabla ya kutimiza miaka mitano ni 41 kati ya 1,000. Yaani mwezi wa kwanza peke yake hubeba karibu nusu ya vifo vyote vya watoto wa chini ya miaka mitano. Sababu tatu hutangulia nyingine: kuzaliwa kabla ya wakati, kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, na maambukizi. Zote tatu mara nyingi hujionyesha kwenye pumzi. Tangu ugatuzi uanze mwaka 2013, zahanati, vituo vya afya na hospitali za kaunti ziko chini ya serikali za kaunti, kwa hivyo swali la nani anajua kushika barakoa na nani anajua kuweka mrija si la hospitali kubwa za Nairobi pekee.

Dakika ya kwanza

Kati ya watoto 100 waliotimiza miezi yao tumboni, takriban 85 huanza kupumua wenyewe sekunde 10 hadi 30 baada ya kutoka. Wengine 10 huanza wakipanguswa vizuri na kusuguliwa mgongo kwa kitambaa kikavu. Watatu hivi huhitaji kupulizwa hewa kwa mfuko na barakoa, kifaa ambacho wahudumu wengi hukiita ambu. Wawili hivi hufikia hatua ya kuwekewa mrija. Wanaohitaji kukandamizwa kifua au kupewa dawa ya kuamsha moyo ni kama mmoja katika kila 1,000. Watoto njiti, yaani waliozaliwa kabla ya kutimia, huhitaji msaada mara nyingi zaidi, lakini mpangilio wa hatua ni ule ule.

Hesabu hiyo ndogo inafaa kutazamwa kwa makini. Hospitali inayozalisha akina mama 100 kwa mwezi itapata watoto wawili hivi wa kuwekewa mrija. Wahudumu wa zamu za mchana, usiku na wikendi wakigawana watoto hao wawili, muuguzi au afisa wa kliniki mmoja anaweza kukaa miezi mingi bila kuweka mrija hata mara moja. Mkono usiotumika husahau. Barakoa, kwa upande wake, hutumika mara kwa mara, na mhudumu anaweza kuifanyia mazoezi kwa mwanasesere kila asubuhi kabla ya zamu kuanza.

Ndiyo maana mafunzo yanayoitwa Helping Babies Breathe, yaliyozinduliwa mwaka 2010, huanzia kwa mkunga na barakoa yake. Mafunzo hayo yana kitu kinachoitwa Dakika ya Dhahabu: kabla ya sekunde 60 kuisha, mtoto asiyepumua awe ameshakaushwa, amesuguliwa na ameanza kupulizwa hewa. Tanzania iliyajaribu katika hospitali nane, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013 yalionyesha kwamba vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vilipungua kwa asilimia 47. Mafunzo hayo hayafundishi kuweka mrija. Upungufu wote huo ulitokana na kukausha, kusugua na kupuliza hewa kwa barakoa bila kuchelewa.

Hata hivyo barakoa ina ufundi wake. Inapaswa kufunika pua na mdomo bila kugusa macho wala kupita kidevu. Kichwa kiwe kama cha mtu anayenusa ua, kisiinamishwe kifuani wala kisirudishwe nyuma kupita kiasi. Hewa ipulizwe mara 40 hadi 60 kwa dakika, na kila mpulizo kifua kiinuke kidogo. Kifua kisipoinuka, mhudumu haanzi kukimbilia mrija. Kwanza huishika barakoa upya, hurekebisha kichwa, huvuta ute ulioziba mdomo na pua, hufungua mdomo wa mtoto kidogo, kisha huongeza nguvu ya mpulizo. Mara nyingi mtoto anayesemekana "amekataa ambu" ni mtoto ambaye hewa yake inavujia pembeni ya barakoa. Mpigo wa moyo ukianza kupanda, hewa inafika.

Jaribio la Mulago

Kati ya barakoa ya usoni na mrija wa kooni kuna njia ya tatu, ambayo wakazi wengi hawajawahi kuisikia: barakoa ya koo. Ni kifaa laini chenye umbo la kijiko kidogo kilichounganishwa na bomba. Hupitishwa mdomoni hadi kikae juu ya mlango wa njia ya hewa, bila kuingia ndani yake. Mhudumu hahitaji kuuona mlango huo kwa macho, na hewa haivujii mashavuni. Ukubwa mdogo kabisa hufaa watoto wa kuanzia kilo mbili hivi, kwa hivyo njiti wadogo sana hawafaidiki nayo.

Swali ambalo madaktari walijiuliza kwa miaka mingi ni hili: ikiwa mkunga anaweza kujifunza barakoa ya koo kwa urahisi kuliko mrija, je, apewe hiyo badala ya barakoa ya usoni? Jibu bora zaidi halikutoka Ulaya wala Marekani. Lilitoka Kampala, katika hospitali ya Mulago, miongoni mwa hospitali zenye wadi za kujifungulia zilizo na shughuli nyingi zaidi katika ukanda huu.

Kwanza lilifanyika jaribio dogo la watoto 50, nusu yao wakipewa kila njia kwa kupigiwa kura. Waliowekewa barakoa ya koo walianza kupumua wenyewe baada ya sekunde 153 kwa wastani, na wa barakoa ya usoni baada ya sekunde 216. Watoto 11 kati ya 25 walioanza na barakoa ya usoni ilibidi wahamishiwe ya koo. Mtu angesoma matokeo hayo na kuagiza barakoa za koo kwa kaunti nzima kesho yake.

Kisha likaja jaribio kubwa, hapo hapo Mulago, lililochapishwa mwaka 2020. Watoto zaidi ya 1,100 walihusika, na waliowahudumia walikuwa wakunga. Safari hii hawakuhesabu sekunde peke yake. Walihesabu watoto waliofariki ndani ya siku saba au waliolazwa wakiwa na madhara ya ubongo ya wastani au makali kutokana na kukosa hewa. Katika kundi la barakoa ya koo walikuwa asilimia 27.4. Katika kundi la barakoa ya usoni walikuwa asilimia 24.4. Tofauti hiyo haitoshi kusema njia moja ni mbaya kuliko nyingine, lakini inatosha kabisa kusema kwamba barakoa ya koo haikuokoa watoto zaidi.

Matokeo hayo hayakuwafurahisha wengi, lakini yana faida kubwa kwa kaunti yoyote inayopanga bajeti. Yalionyesha kwamba wakunga wanaweza kutumia kifaa hicho bila kuwaumiza watoto, kwa hivyo kinafaa kuwa kwenye kabati kwa siku ambayo barakoa ya usoni imeshindwa na hakuna anayejua kuweka mrija. Yalionyesha pia kwamba sekunde zilizookolewa mezani si lazima zigeuke kuwa uhai. Mtoto aliyeanza kukosa hewa tumboni saa kadhaa kabla ya kuzaliwa, kwa sababu uchungu ulikaa sana au ambulensi ilichelewa, hufika kwenye meza ya kuhudumiwa akiwa ameshaumia. Hakuna kifaa cha kooni kinachorudisha saa hizo.

Mrija wenyewe

Hata barakoa ikishikwa vizuri, wapo watoto ambao hawawezi kuepuka mrija. Ni wale ambao barakoa imeshindwa baada ya marekebisho yote, wanaohitaji kukandamizwa kifua, njiti wenye mapafu yaliyochoka kabisa, na wenye kasoro fulani za kuzaliwa. Mfano ni mtoto mwenye tundu kwenye kiwambo kinachotenga kifua na tumbo: huyo kumpuliza kwa barakoa humdhuru, kwa kuwa hewa huingia matumboni na kuyabana mapafu.

Njia ya hewa ya mtoto mchanga ni ndogo kuliko wengi wanavyodhani. Mrija wa mtoto wa chini ya kilo moja una upana wa ndani wa milimita 2.5. Wa kilo moja hadi mbili hupewa wa milimita 3, na wa zaidi ya hapo milimita 3.5. Njia ya hewa kutoka nyuzi za sauti hadi inapogawanyika kuelekea mapafu mawili ni sentimita nne au tano tu kwa mtoto aliyetimia. Mrija ukiingia nusu sentimita zaidi, unaweza kuelekea pafu la kulia pekee na la kushoto likakosa hewa. Ukitoka nusu sentimita, unaweza kuchomoka. Kanuni ambayo wahudumu hutumia ni rahisi: uzito wa mtoto kwa kilo, ongeza sita, ndiyo alama ya sentimita inayopaswa kuonekana mdomoni. Mtoto wa kilo tatu, alama tisa.

Anayeweka mrija hushika laringoskopu, mpini wenye bapa na taa, kwa mkono wa kushoto. Husogeza ulimi, huinua kifuniko kidogo cha nyama kilicho juu ya zoloto, na hutafuta nyuzi mbili za sauti zinazofunguka kama pazia. Mrija hupita katikati yake. Nyuma kidogo kuna mlango mwingine, wa chakula, na mrija ukiingia huko hewa hujaa tumboni wakati mtoto anazidi kudhoofika. Jaribio moja lisizidi sekunde 30. Likipita hapo, mrija huachwa, mtoto hupulizwa kwa barakoa hadi apate nafuu, kisha hujaribiwa tena au mwenye uzoefu zaidi huitwa. Kila jaribio la ziada huongeza hatari ya oksijeni kushuka, moyo kupunguza mapigo na koo kujeruhiwa. Kwa sababu hiyo, watafiti wanaolinganisha njia hizi hupima hasa jambo moja: mrija umeingia mara ya kwanza au la.

Jicho au kamera

Kwa miongo mingi ilikuwa ni jicho la mhudumu na taa ndogo tu. Siku hizi kuna laringoskopu ya video, ambayo ncha yake ina kamera na picha huonekana kubwa kwenye skrini. Mwaka 2024 hospitali ya uzazi ya National Maternity Hospital, Dublin, nchini Ayalandi, ilichapisha ulinganisho wa njia hizo mbili kwa watoto wachanga waliohitaji mrija kwa dharura. Kila kundi lilikuwa na watoto 107. Kwa kamera, watoto 79 walipata mrija kwa jaribio la kwanza, sawa na asilimia 74. Kwa jicho la kawaida walikuwa 48, asilimia 45.

Katika utafiti wa watoto wachanga ni nadra kuona pengo kubwa kiasi hicho. Namba ya pili inastahili kutazamwa vilevile: katika hospitali kubwa ya nchi tajiri, kwa jicho la kawaida, zaidi ya nusu ya watoto hawakupata mrija kwa jaribio la kwanza. Mzazi anayesikia kwamba daktari wa hospitali ya kaunti alijaribu mara mbili asiharakishe kumwita mzembe. Cha kuuliza ni kama kati ya jaribio la kwanza na la pili mtoto alipulizwa hewa.

Faida nyingine ya kamera ni ya ualimu. Kwa jicho, mwanafunzi peke yake ndiye huona koo, na mwalimu nyuma yake hubahatisha. Kwa skrini, wote wawili huona kitu kimoja, na mwalimu husema "rudi nyuma kidogo, hapo umepita." Mahali ambapo watoto wa kuwekewa mrija ni wachache, kila mmoja akiwa somo kwa watu watatu badala ya mmoja, ujuzi husambaa haraka zaidi.

Lakini kamera haijamaliza mjadala. Zaidi ya robo ya watoto wa Dublin walioangaliwa kwa skrini bado hawakupata mrija mara ya kwanza. Kifaa huhitaji chaji, na bapa lake lazima liwepo kwa ukubwa unaoingia mdomoni mwa mtoto wa kilo moja. Hospitali inayonunua kifaa kilichotengenezwa kwa watu wazima, kisha ikakiweka kwenye wadi ya watoto wachanga, imenunua pambo. Na mhudumu aliyezoea skrini pekee hubaki ameduwaa siku betri ikiisha, kwa hivyo ujuzi wa jicho bado hufundishwa.

Mambo mengine yamelinganishwa pia. Wapo wanaotia waya ndani ya mrija ili usilegee. Jaribio la Melbourne, Australia, lililochapishwa mwaka 2013, lilipata mafanikio ya asilimia 57 kwa waya na 53 bila waya, tofauti ndogo isiyothibitisha lolote, hivyo kila mmoja hufuata alivyozoea. Kuna kubishana kuhusu mdomo na pua. Mrija wa puani hukaa imara zaidi ukishafungwa, lakini wa mdomoni huwekwa haraka zaidi, na katika dharura mdomo ndio hutumika.

Lililo na uzito zaidi ni oksijeni wakati wa kujaribu. Melbourne hiyo hiyo, mwaka 2022, watafiti waliwawekea watoto mkondo wa hewa puani wakati mrija ukiingizwa kwa mdomo. Majaribio ya kwanza yaliyofaulu bila oksijeni wala mapigo ya moyo kuporomoka yalikuwa asilimia 50, dhidi ya 31.5 kwa wasiowekewa mkondo huo. Hapo mkono wa daktari ulikuwa ule ule. Kilichobadilika ni kwamba mtoto alikuwa na akiba ya hewa.

Kisha kuna maumivu. Zamani iliaminika kwamba mtoto mchanga hahisi. Imani hiyo imeshaachwa, na tangu mwaka 2010 chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kimeshauri mtoto apewe dawa ya kutuliza kabla ya mrija, isipokuwa katika dharura ya kuokoa maisha. Mzazi ana haki ya kuuliza kuhusu hilo mrija unapobadilishwa kwa mpango.

Pale mrija ulipoondolewa

Baadhi ya maendeleo makubwa ya miaka hii yamekuwa ya kuacha kuweka mrija. Mtoto akizaliwa ndani ya maji yenye choo chake cha kwanza, kile cha kijani kizito, na akiwa amelegea, ilikuwa kawaida kumwingizia mrija na kuvuta uchafu kabla ya kumpuliza hewa. Mwaka 2015 miongozo ya kimataifa iliacha kupendekeza hilo kama desturi, kwa kuwa faida haikuonekana na muda wa kupulizia hewa ulipotea. Mhudumu anayempuliza mtoto huyo kwa barakoa mara moja hajaruka hatua.

Kwa njiti mabadiliko yalikuwa makubwa zaidi. Jaribio la kimataifa lililochapishwa mwaka 2008 lilichukua watoto 610 wa wiki 25 hadi 28. Nusu waliwekewa mrija mapema, na nusu walianzishiwa CPAP, mashine inayosukuma hewa puani mfululizo ili mapafu yasijikunje. Kati ya walioanza na CPAP, asilimia 46 walihitaji mrija baadaye ndani ya siku tano. Waliobaki, zaidi ya nusu, waliepuka. Si kwamba CPAP haina madhara: hewa ilivuja kifuani kwa asilimia 9 ya watoto wake, dhidi ya 3 kwa wa mrija, na ndiyo maana mtoto wa CPAP haachwi bila mtu wa kumwangalia.

Aina nafuu ya mashine hiyo hutumia chupa ya maji na mapovu. Katika hospitali ya Queen Elizabeth mjini Blantyre, Malawi, utafiti wa mwaka 2014 ulionyesha watoto waliotibiwa kwa mapovu wakipona kwa asilimia 71, na waliopewa oksijeni ya kawaida kwa asilimia 44. Watoto hao walikuwa wachache na hawakugawanywa kwa kura, kwa hivyo namba hizo zisichukuliwe kama ahadi. Hata hivyo kwa hospitali isiyo na mashine ya kupumulia ya watoto wachanga, hoja ni nzito. Mtoto aliyewekewa mrija lazima apumuliwe na mashine au mkono wa mtu, usiku na mchana. Bila mashine, mrija ni wa kumvusha hadi hospitali ya rufaa tu.

Na zipo sindano zinazofanya kazi kabla mtoto hajazaliwa. Jaribio la Shirika la Afya Duniani lililochapishwa mwaka 2020, likihusisha Kenya, Nigeria, India, Pakistan na Bangladesh, liliwapa deksamethasoni akina mama waliotarajiwa kujifungua kati ya wiki 26 na 33. Vifo vya watoto ndani ya siku 28 vilikuwa asilimia 19.6, dhidi ya 23.5 kwa wasiopewa. Dawa hiyo ni ya bei nafuu, lakini huhitaji mama afike mapema kwenye hospitali inayoweza kumhudumia yeye na mtoto. Mama anayehisi tumbo kukaza mara kwa mara au maji kuvuja kabla ya miezi kutimia asisubiri kupambazuke.

Mrija ukishawekwa

Ishara ya kuaminika kwamba mrija uko mahali pake ni mapigo ya moyo kupanda. Kipimo kidogo kinachounganishwa kwenye mrija hubadilika rangi kutoka zambarau hadi manjano hewa chafu inapotoka mapafuni. Kifua huinuka pande zote mbili, na picha ya eksirei huthibitisha kina. Mzazi anaweza kuuliza kwa heshima: "Daktari, mrija umethibitishwa vipi, na umefungwa kwenye alama gani?" Mhudumu anayejua kazi hachukizwi na swali hilo.

Kidevu cha mtoto kikiinamishwa kifuani, mrija huzama ndani zaidi. Kichwa kikirudishwa nyuma, hupanda. Kwa hivyo mzazi anayeruhusiwa kumshika mtoto amguse mkono au mguu, na asimgeuze kichwa bila muuguzi. Katika ambulensi, ambapo barabara mbovu hutikisa kila kitu, alama ya mdomoni hukaguliwa kabla ya kuondoka na kila baada ya kusimama, na ambu na barakoa huwa mkononi, si kwenye sanduku. Mtoto aliyekuwa sawa akibadilika rangi ghafla, mambo manne hukaguliwa: mrija umehama, umeziba, hewa imevujia kifuani, au mashine au mtungi umekwisha kufanya kazi.

Kuhusu malipo, Katiba ya Kenya, kifungu cha 43(2), inasema mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Mtoto asiyepumua ni dharura.

Mrija ukitolewa, sauti ya kilio huweza kuwa ya kukwaruza kwa siku chache na kisha hurudi. Baada ya kufika nyumbani, mtoto akipumua mara 60 au zaidi kwa dakika akiwa ametulia, akizama mbavu, akiguna, akibadilika rangi midomo, akikataa titi au akitoa mlio kama filimbi anapovuta pumzi, arudishwe hospitali siku hiyo hiyo. Mlio huo unaweza kutokea hata wiki kadhaa baadaye, kovu likianza kubana njia ya hewa. Kwa sababu hiyo, kabla ya kuruhusiwa kwenda nyumbani, mzazi aombe iandikwe kwenye kijitabu cha mama na mtoto: ukubwa wa mrija, siku ulizokaa, na idadi ya mara ulizowekwa.